Lifti Niliyoichagua kwa Wivu

Dada yangu ndiye aliyeniambia kwamba wamenunua lifti. Tulikuwa tumesimama nje ya kanisa pale Njoro, yeye amekuja kututembelea kwa treni kutoka Nakuru, na mimi sikumwelewa. Kwetu siku hizo lifti ilikuwa ni kubebwa kwenye gari la mtu bila kulipa nauli.

"Lifti inanunuliwaje?" nikamwuliza.

Akacheka kidogo, akaniwekea mkono begani kama alivyozoea tangu tukiwa wadogo. "Njoo Nakuru uione. Ni ya kuinulia magari. Shemeji yako halali tena chini kwenye gunia."

Hilo neno la gunia ndilo lililonichoma, kwa sababu mume wangu alikuwa bado analala kwenye gunia. Jana yake tu nilikuwa nimelifua gunia lenyewe kwa magadi, na bado lilikuwa limeanikwa kwenye ua wetu, jeusi kama sufuria. Dada alikuwa amelipita akiingia nyumbani.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya hamsini, mambo ya vibali vya kusafiri yameanza kulegezwa, na watu waliokuwa wamefungiwa mashambani kwa miaka wakaanza kujaribu hili na lile. Mume wangu alikuwa amejifunza ufundi kwenye karakana ya Mzungu mmoja mwenye shamba la ngano, akatengeneza trekta zake mpaka akazijua kwa mlio. Alipoacha kazi pale tulipanga kiwanja nyuma ya maduka ya Njoro, tukajenga vyumba viwili na banda la gari moja. Kuta za banda zilikuwa za mabanzi kutoka viwanda vya mbao vya Elburgon, paa la mabati. Mchana yeye alikuwa chini ya magari ya watu, na mimi nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza la duka la Mhindi, nikishona nguo za shule na za harusi.

Dada na mumewe walianza vivyo hivyo Nakuru, mwaka mmoja kabla yetu. Kila kitu walikifanya mwaka mmoja kabla yetu. Waliweka saruji kwanza, wakapata kibao chenye maandishi kwanza, wakapata mteja Mzungu kwanza. Nilikuwa nimejizoeza kusema "hongera" kwa sauti nzuri, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kusikia kilichokuwa chini yake.

Nilikwenda kuiona lifti yao baada ya wiki mbili. Ilikuwa na nguzo nne fupi za chuma, zilizonifika kifuani, na kati yake reli mbili za gari kukanyaga. Ukizungusha mkono wa chuma ulio pembeni, minyororo inazungusha skrubu ndani ya nguzo zote nne kwa pamoja, na gari linapanda polepole hadi kimo cha kiuno. Shemeji alikuwa amekaa chini yake kwenye kigoda, amevaa shati safi, anapiga mluzi.

"Kila Jumamosi mimi ndiye ninayeipaka grisi," dada akaniambia. "Nusa." Akaniletea viganja vyake puani.

Nilinusa, nikatabasamu. Moyoni nikasema, huyu ananionyesha. Kwenye treni ya kurudi sikutazama nje hata mara moja. Nilikuwa nahesabu jinsi ya kumwambia mume wangu bila yeye kujua kwamba ni wivu.

Kumbe yeye alikuwa ameshafikiria. Nilipotaja lifti, aliweka kikombe chini akaniambia mambo yote kwa utaratibu wake. Shimo la kuingia chini ya gari lingekuwa rahisi kuliko vyote, lakini udongo wa huku ni majivu matupu ya milima ya zamani. Alikuwa amejaribu kuchimba kabla hatujaweka mabati, mvua mbili zikanyesha, kuta zikaporomoka zote. Kuning'iniza mnyororo kwenye boriti kulimfaa mtu wa kutoa injini tu, maana boriti yetu ilikuwa mti mbichi, isingebeba gari zima. Mtu angeweza pia kupanga mataruma ya reli kama ngazi na gari likapanda juu yake, lakini alishaona pikapu ikiteleza kwenye mataruma yenye umande, ikarudi nyuma na kumvunja mtu mguu.

"Kwa hiyo ni lifti," nikasema.

"Ni lifti, lakini fupi. Banda letu ni dogo. Yenye kuinua upande mmoja tu, leo pua, kesho mkia, inanitosha kabisa."

Inayoinua upande mmoja. Akilini nikamwona dada akiizunguka, ameshika kiuno, akiuliza kwa upole upande wa pili unainuliwa na nini.

Haukupita muda tukasikia kwamba Mzungu mmoja wa upande wa Rongai anauza vitu vyake arudi kwao, na kwamba kwenye karakana yake kuna lifti mbili. Siku mbili kabla ya mnada mume wangu aliitwa shamba moja kutengeneza mashine ya kuvunia ngano, akaniachia kazi moja. "Chukua futi yako ya kushonea, upime kutoka sakafuni mpaka kwenye boriti. Usisahau, boriti. Nitakukuta pale mnadani."

Nilipanda juu ya meza nikapima. Kutoka sakafuni mpaka kwenye boriti ilikuwa futi nane na vidole viwili. Nikakaa pale juu ya meza kwa muda. Kisha nikafunga futi kwenye mwiko wa ugali, nikaunyoosha kupita pembeni mwa boriti mpaka kileleni kabisa, pale mabati yanapokutana. Futi kumi na moja. Nikaiandika hiyo kumi na moja kwenye karatasi, na ile nane sikuiandika popote.

Mnadani lifti ya kwanza, fupi, ya kuinua upande mmoja, ilikuwa imewekwa kwenye nyasi, na mume wangu alikuwa ameshachuchumaa mbele yake nilipofika. Aliisokota skrubu kwa vidole, akanusa mafuta yake, akaigonga kwa fundo la kidole akasikiliza. Alikuwa ameshaipenda. Ya pili ilikuwa imesimama ndani ya karakana, nguzo nne ndefu kunipita, zimepakwa rangi ya kijani. Mfanyakazi wa pale alinieleza kwamba inainua gari mpaka mwanamume asimame wima chini yake bila kuvua kofia. Nikashika nguzo moja. Ilikuwa baridi. Nikawaza, shemeji yangu anakaa kwenye kigoda.

Mume wangu akaja akasimama karibu nami. "Hii ni nzuri," akakubali. "Nzuri sana. Lakini banda letu ni futi ngapi?"

"Kumi na moja." Nikampa karatasi.

"Mpaka kwenye boriti?"

"Nimepima mwenyewe, baba watoto, kwa futi ya kushonea."

Sikulijibu swali lake, na yeye hakuona kwamba sikulijibu. Aliamini futi ya fundi wa nguo kuliko macho yake. Akatazama chini akipiga hesabu, gari futi tano, kupanda futi tano, inabaki moja. Akanitazama usoni, akaona ninavyoitaka, na nadhani hilo ndilo lililomaliza hesabu. Akiba yake na akiba ya cherehani yangu zilikwenda pamoja siku hiyo. Ile fupi ilichukuliwa na mtu wa Molo, na nilimwona mume wangu akiisindikiza kwa macho ilipokuwa ikipakiwa.

Ukweli ulijulikana siku ya tatu ya kuisimamisha. Alikuwa amemaliza kumwaga saruji ya miguu ya nguzo, akainuka kunyoosha mgongo, na mkono wake ukagusa boriti. Alisimama hivyo, mkono juu, kama mtu anayekula kiapo. Kisha akachukua ufito, akaupima kwa shubiri zake.

"Mama, hapa ni futi nane."

"Mimi nilipima mpaka juu," nikasema. "Sikujua ni boriti unayotaka."

"Nilisema boriti."

"Basi sikusikia vizuri."

Alinitazama kidogo. Ningefurahi kama angepiga kelele. "Kosa ni langu," akasema. "Fundi hupima mwenyewe." Akachovya kidole kwenye rangi nyekundu, akachora mstari kwenye nguzo ya mbele. Gari likifika hapo, akasema, basi, lisipandishwe zaidi mpaka tupate mbao za kuinua paa.

Mstari ule ulikuwa kwenye kimo cha kiuno. Magari yakaanza kuja, na kazi ilikwenda vizuri kuliko zamani. Gunia nililichoma. Mtu mwenye akili timamu angeshukuru. Lakini mimi kila nilipopita mlangoni niliona nguzo ndefu kuliko za dada zikifanya kazi ileile ya nguzo za dada, na mume wangu amekaa kwenye kigoda kama mume wake. Nilikuwa nimesema uongo mzima nikapata kilekile alichonacho.

Nikamtumia habari aje aione.

Alikuja Jumamosi. Mume wangu alikuwa amekwenda stesheni kuchukua kifurushi cha vipuri, na juu ya lifti, kwenye mstari mwekundu, palikuwa na gari la mwalimu mkuu wa shule ya misheni. Gari dogo jeusi alilokuwa akiliosha mwenyewe kila Ijumaa. Nilimpeleka dada bandani hata kabla ya chai.

Aliizunguka polepole. Alipapasa nguzo, akainama akatazama minyororo. "Ni ndefu kweli," akasema.

"Hii inainua mpaka mtu asimame wima."

"Kweli?" Akainua macho. "Na hiyo boriti je?"

Nikasikia wivu katika swali hilo. Naapa niliusikia, kama unavyosikia mtu akiingia chumbani. Nikawaza, ameona, imemuuma, sasa anatafuta kasoro. Nikashika mkono wa chuma nikaanza kuzungusha.

Mstari mwekundu ukapotea nyuma ya reli.

"Acha," dada akasema. Nikaendelea. "Acha, mdogo wangu. Inatosha, nimeona."

Nilizungusha mizunguko mingine mitatu au minne. Paa la gari lilifika kwenye boriti bila kelele, na kwa kitambo kidogo sikuhisi chochote isipokuwa uzito ukiongezeka mkononi, nami nikazidisha nguvu. Ndipo boriti ikalia. Ililia kama bua kavu la mahindi likivunjwa gotini, mabati mawili yakafunguka juu, na mwanga wa jua ukaanguka kwenye mgongo wa gari la mwalimu, mahali palipokuwa pamebonyea kama bakuli.

Nikavuta mkono wa chuma kurudi nyuma, ukakataa. Nilikuwa nimeukaza. Dada alivua viatu, akanisukuma kwa nyonga yake, akatafuta pini ndogo ubavuni mwa nguzo ambayo mimi hata sikujua ipo, akaigonga kwa kisigino cha kiatu, kisha akaanza kuzungusha kwa mapigo mafupi. "Tazama nguzo ya kule," akaniambia. "Ikichelewa sema." Gari lilishuka sawasawa, nguzo zote nne kwa pamoja, mpaka magurudumu yakagusa sakafu. Hakutokwa hata jasho. Na mimi, nimesimama pale na uharibifu wote ule ni wa mikono yangu, nilichokuwa nikiona ni jinsi mikono yake ilivyoijua lifti ambayo si yake.

Mume wangu aliingia na kifurushi chini ya kwapa. Alitazama boriti, akatazama gari. Kabla hajafungua kinywa dada akasema, "Shemeji, unisamehe. Ni mimi niliyetaka kuona inapanda mpaka wapi."

Nilimwacha aseme, nikamwacha mume wangu amjibu kwamba si kitu, chuma hunyooshwa, mbao hubadilishwa, la maana hakuna aliyeumia. Nikaenda kupika. Nilimenya viazi na kuchambua mboga nikijiambia kwamba dada ana mume mwenye jina na ana gereji mjini, lawama kidogo haitampunguzia chochote.

Tulipoketi kula, mume wangu alimpakulia shemeji yake kwanza, kwa heshima, kama mtu anayemtuliza mgeni. Dada alikula ametulia kabisa. Nikamtazama, nikaona kwamba amenishinda tena. Hata katika kosa langu mwenyewe yeye ndiye aliyekuwa mwema. Ningependa kuandika kwamba nilisema ukweli kwa sababu ya dhamiri. Sivyo. Nilisema kwa sababu sikutaka wema ule awe nao peke yake.

"Ni mimi niliyezungusha," nikasema. "Yeye aliniambia niache. Na boriti nilikusikia ukisema. Niliipima, ni futi nane na vidole viwili. Nikakuandikia kumi na moja kwa kuwa niliitaka lifti ndefu kuliko ya dada."

Mume wangu alitafuna akamaliza. "La leo nilijua," akasema. "Shemeji amezoea hizi mashine. Asingezungusha bila kutazama juu. La boriti sikulijua."

"Mimi nililijua hilo," dada akasema. "Nilipoingia tu bandani. Mwanamke anayekata nguo za harusi hawezi kukosea futi tatu."

Mume wangu aliondoka mezani, akaenda kusimama uani, na nilimwona kupitia dirishani akiutazama mlango wa banda. Hakunikemea, siku ile wala baadaye. Lakini kwa miezi mingi, kila nilipompa kipimo chochote, hata cha unga, alikwenda kukipima tena mwenyewe.

Jumatatu tulikwenda pamoja kwa mwalimu mkuu. Nilisema mwenyewe, nikiwa nimesimama mbele ya meza yake kama mwanafunzi. Alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu. Akauliza rangi nyeusi ileile inapatikana, mume wangu akasema inapatikana Nakuru. "Basi itafutwe," akasema, akavaa miwani yake, nasi tukatoka.

Mumewe dada alikuja mwisho wa wiki ile na fito za kupimia. Yeye na mume wangu walizunguka bandani nusu saa, wakizungumza kifundi. Banda lao kule Nakuru, akasema, limejengwa kwa nguzo za chuma na liko wazi juu, kando ya barabara ya malori. Kimo si tatizo. Na wenye pikapu za mizigo humwuliza kila siku kama anaweza kuziinua mpaka juu. Kwa nini tusibadilishane? Achukue ndefu, atuachie fupi yake, na zaidi ya hapo alete boriti mpya iliyokauka na fundi wa kuipandisha.

"Nakubali," mume wangu akasema, hata hakumeza mate.

Hakunitazama, na alikuwa na haki. Nikakumbuka magauni ya dada, yote niliyoyavaa baada yake, yamepunguzwa upindo, kwapa zimefifia rangi, na mama akisema, "Linakukaa vizuri kuliko lilivyomkaa yeye." Siku lori lilipokuja nilitoka na kazi yangu ya kushona nikakaa kizingitini, nikatazama nguzo zangu nne za kijani zikilazwa juu ya majani makavu na kufungwa kamba. Zilikwenda Nakuru. Zile fupi zikashushwa, na kwenye mkono wa chuma palikuwa pameviringishwa kitambaa cha maua ili usiumize kiganja. Nilikitambua. Kilikuwa kipande cha kitambaa nilichomshonea dada blauzi.

Miezi mitano sikukanyaga Nakuru. Dada aliandika barua mbili, nikajibu moja, fupi. Lifti ilitukaa vizuri, boriti mpya ilikuwa imara, na mume wangu alipata magari kutoka Molo na Mau Narok mpaka mengine yakawa yanalala nje. Nilijifunza ile pini ya ubavuni. Nilijifunza kuipaka grisi.

Nilipokwenda hatimaye ilikuwa ni kwa ajili ya vifungo na uzi, na nilijiambia nitapita tu. Pikapu nyekundu ilikuwa juu kabisa, magurudumu yake usawa wa macho yangu, na shemeji amesimama wima chini yake, kofia kichwani. Wivu ukanijia upya, mzima, kama siku ya kwanza. Dada alikuwa kwenye benchi akichagua maharagwe. Akanisogezea nafasi.

"Bado inakuuma?" akauliza bila kuinua macho.

"Inaniuma."

"Hata mimi ingeniuma," akasema, akanimwagia nusu ya maharagwe kwenye mapaja. Tukayachagua mpaka yakaisha, kisha akanisindikiza stesheni.